Mifumo Miwili, Bawabu Mmoja

Tarehe 13 Agosti 2024 ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi, siku ambayo Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama. Windows ikajisasisha, ikawaka upya, watu wakaendelea na kazi zao. Waliokuwa na Linux katika mashine ileile ndio waliopatwa. Walipotaka kuingia upande wa pili walikutana na maandishi meupe juu ya kioo cheusi: "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", na chini yake, "Something has gone seriously wrong". Yaani ukaguzi umeshindikana, na kuna jambo limeharibika vibaya. Sekunde chache baadaye mashine ilijizima yenyewe.

Watumiaji wa Ubuntu, Debian, Linux Mint, Zorin OS na Puppy Linux walilalamika kwa pamoja. Wengine walichomeka fleshi ya kusakinishia Linux wakidhani itawaokoa, nayo ikagoma kwa maneno yaleyale. Microsoft ilikuwa imeahidi kwamba sasisho hilo halitagusa mashine zenye mifumo miwili. Baadaye ilikiri kuwa kipimo chake cha kuzitambua mashine hizo hakikunasa baadhi ya namna ambazo watu huzipanga.

Sasa tazama kilichokuwa kimeharibika kweli. Diski zilikuwa nzima. Linux ilikuwa nzima hadi faili ya mwisho. Windows nayo iliwaka bila taabu. Kilichobadilika ni taarifa ndogo ndani ya kumbukumbu ya ubao mama, ambayo mtu aliyejua amri moja aliweza kuifuta.

Visa vingi vya mashine ya mifumo miwili kukataa kuwaka viko hivyo. Picha, tasnifu na hesabu za duka zimo ndani, salama, ila njia ya kuzifikia imekatika. Fundi mwenye haraka hana habari na hilo. Akiona kioo cheusi husema maneno mawili tu, "tupige Windows", na kabla ya adhuhuri ameshafomati diski nzima na kuua mifumo miwili ili kutibu ugonjwa ambao haukuwa katika mfumo wowote kati ya hiyo. Hatua ya kwanza ya kutengeneza mashine ya aina hii ni kutofomati. Ya pili ni kuuliza: imekwama hatua gani?

Hatua zenyewe zina historia yake. Machi 1983 IBM ilitoa kompyuta yake ya PC XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10, pamoja na PC DOS 2.0. Ndipo ulipopatikana utaratibu uliodumu miongo mitatu: BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoamsha mashine, ikishajikagua husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512, na kukikabidhi usukani. Baiti 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la patisheni nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba kipande hicho ni halali. Programu hiyo ndogo ni bawabu. Hamiliki chochote ndani ya nyumba. Kazi yake ni kujua nani yuko chumba gani na kumfungulia.

Shida ya mifumo miwili ilianzia hapo, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na kila mfumo ulikuja na bawabu wake. Windows ilipokuwa ikisakinishwa ilimfukuza aliyekuwepo bila kuuliza, ikamweka wa kwake, na huyo hakumtambua mgeni yeyote asiyekuwa Windows. Ndiyo maana hadi leo mafundi hushauri Windows itangulie na Linux ifuate: bawabu wa Linux hukubali kumfungulia Windows, ilhali wa Windows hana mazoea ya kurudisha hisani.

Kwa miaka mingi bawabu wa Linux alikuwa LILO, programu aliyoianzisha Werner Almesberger. LILO ilikuwa na tabia moja nzuri ambayo waliokuja baadaye waliiacha: iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja kadiri ilivyopiga hatua. Ikikwama kwenye "L", maana yake sehemu ya pili ya programu haikuweza kusomwa kutoka kwenye diski. Ikikwama kwenye "LI", sehemu hiyo ilisomwa ila haikuweza kuendeshwa. Mtu aliweza kumpigia fundi simu, akamtajia herufi alizoziona, na fundi akajua pa kuanzia. Uendelezaji wa LILO ulikoma mwaka 2015.

Mrithi wake ni GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na ndiyo bawabu ambaye wengi humjua leo. Baiti 446 hazimtoshi kabisa. Kwa hiyo kwenye diski za mtindo wa zamani hujigawa: kipande kidogo hukaa kwenye baiti hizo, kipande kikubwa zaidi hukaa katika nafasi tupu iliyo kati ya mwanzo wa diski na patisheni ya kwanza, na mengineyo, ikiwemo menyu, hukaa ndani ya patisheni ya Linux kwenye folda ya /boot/grub.

Anayefahamu mgawanyo huo atayaelewa mengi kati ya makosa ya GRUB. Kisa kinachojirudia mara nyingi ni hiki: mtu ameichoka Linux, anafungua zana ya diski ndani ya Windows, anafuta patisheni ya Linux ili apate nafasi, anazima. Akiwasha tena anakuta maneno "grub rescue>" na kishale kinachopepesa. Amefuta chumba cha bawabu huku bawabu mwenyewe akiwa bado mlangoni, hana menyu wala maelekezo. Windows ipo palepale ilipokuwa. Kwenye mashine ya mtindo wa zamani, fleshi ya kusakinishia Windows na amri ya bootrec /fixmbr vinatosha kumrudisha bawabu wa Windows.

Ikiwa Linux haikufutwa bali patisheni zimebadilishwa ukubwa au namba, basi "grub rescue>" si mwisho wa safari. Ni sehemu ya kuandika amri. Mtu huandika ls, na GRUB hutaja patisheni inazoziona. Kisha huzikagua moja moja, kwa mfano ls (hd0,msdos5)/boot/grub, hadi folda ipatikane. Ikipatikana, huandika set root=(hd0,msdos5), halafu set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub, kisha insmod normal, na mwisho normal. Menyu inarudi. Linux ikishawaka, sudo grub-install ikifuatiwa na jina la diski, kisha sudo update-grub, huyafanya matengenezo yawe ya kudumu. Ni vyema kukumbuka kwamba GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri lakini patisheni kuanzia moja. Aliyepanga hivyo hakuwafikiria wanaoandika amri saa nane za usiku.

Ile nafasi tupu mwanzoni mwa diski ilizaa mkasa wa ajabu. Mwaka 2010 Colin Watson, mmoja wa watunzaji wa GRUB katika Debian na Ubuntu, alieleza kwa nini mashine za baadhi ya watu zilikuwa zikikataa kuwaka kila baada ya kutumia Windows. Programu fulani za kulipia zilikuwa zikificha taarifa za leseni katika nafasi hiyohiyo, zikiandika juu ya GRUB. Mfumo wa leseni wa FlexNet ulikuwa miongoni mwa waliotajwa. Mtu alisakinisha GRUB upya, akafurahi, akafungua programu yake ya Windows, akazima, na kesho yake akarudi pale alipoanzia. Jibu la watengenezaji wa GRUB lilikuwa kuifundisha programu yao kuzitambua alama za wavamizi hao na kuzikwepa, na pia kuiwekea mbinu za kihisabati za kujirekebisha baiti chache zikiharibiwa. Ukisikia fundi akisema kosa limejileta lenyewe, kumbuka kisa hiki. Aliyelileta yupo, hajatafutwa.

Kompyuta za leo nyingi hazifuati tena mpango wa 1983. Badala ya BIOS zinatumia UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel na kukabidhiwa kwa muungano wa makampuni mwaka 2005. Hapa mlango unatosha watu wengi. Diski ina patisheni ndogo ya aina ya FAT32, ambayo Windows kwa kawaida huitengea megabaiti 100, na kila mfumo huweka humo folda yake: ya Microsoft ina faili ya bootmgfw.efi, ya Ubuntu ina shimx64.efi na grubx64.efi. Ubao mama nao hutunza orodha ya majina ya faili hizo na mpangilio wa nani aanze.

Kwa hiyo sasisho kubwa la Windows likimeza Linux, mara nyingi halijafuta kitu. Limejipandisha juu ya orodha tu. Kipimo chake ni chepesi: zima mashine, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho kwenye laptopu nyingi za Dell na Lenovo ni F12 na kwenye HP ni F9. Kama jina la Linux limo na ukilichagua inawaka, ugonjwa ni mpangilio. Ndani ya Linux, amri ya efibootmgr huonyesha orodha, na efibootmgr -o ikifuatiwa na namba huipanga upya. Hakuna haja ya kusakinisha chochote.

Isipokuwa pale ubao mama wenyewe unapokuwa na ukaidi. Novemba 2012 Matthew Garrett, mhandisi aliyefanya mengi kuifanya Linux iwake kwenye mashine za UEFI, alichunguza kompyuta ya mezani ya Lenovo ThinkCentre M92p iliyokuwa ikikataa Linux. Aligundua kuwa programu ya ubao mama ilikuwa ikisoma jina lililoandikwa kwenye orodha, na kukubali mawili tu: "Windows Boot Manager" na "Red Hat Enterprise Linux". Mfumo mwingine wowote, hata ukiwa umesakinishwa sawasawa, uliachwa nje kwa sababu ya jina. Jina hilo lilikusudiwa kusomwa na binadamu, si kutumiwa na mashine kama kigezo.

Kuna kosa jingine ambalo halitibiki kwa amri yoyote ya GRUB mpaka lijulikane: mfumo mmoja kusakinishwa kwa mtindo wa UEFI na mwingine kwa mtindo wa zamani. Mifumo hiyo haitaonana katika menyu moja. Kujua ni rahisi. Ndani ya Linux, folda ya /sys/firmware/efi ikiwepo, Linux imewaka kwa UEFI. Ndani ya Windows, programu ya msinfo32 hueleza hali hiyo waziwazi. Dakika mbili za kuangalia huokoa jioni nzima.

Wakati mwingine ni Windows inayotoweka. GRUB toleo la 2.06, lililotoka Juni 2021, liliacha kutafuta mifumo mingine kwa chaguo-msingi, kwa sababu za usalama: programu ya os-prober inayofanya kazi hiyo hufungua kila patisheni ikiwa na mamlaka yote ya mashine. Watu walisasisha Linux, wakakuta menyu haina Windows, wakalia. Kumbe ilihitajika kuandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye faili ya /etc/default/grub na kuendesha sudo update-grub.

Na kama ni faili za kuwashia Windows zilizoharibika kweli, tiba iko upande wa Windows. Mtu huwasha kwa fleshi ya kusakinishia, huchagua ukarabati badala ya usakinishaji, na kufungua dirisha la amri. Ushauri mwingi wa zamani humpeleka kwenye bootrec /fixboot, amri ambayo kwenye mashine za UEFI zenye Windows 10 na 11 imewarudishia wengi jibu la kunyimwa ruhusa. Kinachofaa zaidi ni kuipa ile patisheni ndogo herufi, tuseme S, kwa kutumia diskpart, halafu kuandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Lakini kwanza hakikisha kwa amri ya dir kwamba C ndiyo yenye Windows, maana katika mazingira ya ukarabati herufi huweza kuhama.

Sasa turudi kwenye Agosti 2024, kwani pale tatizo halikuwa orodha wala faili. Lilikuwa imani. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta mpya huja na kinga ya Secure Boot, ambapo ubao mama hukataa bawabu yeyote asiye na saini inayotambulika. Linux ilipata njia kupitia shim, programu fupi iliyosainiwa na Microsoft ambayo kazi yake ni kuithibitisha GRUB na kuipokeza kazi. Mpango ulifanya kazi hadi Julai 2020, kampuni ya Eclypsium ilipotangaza udhaifu ndani ya GRUB uliopewa jina BootHole. Matoleo yote ya zamani yenye saini halali yakawa hatari.

Kuyapiga marufuku kukaleta shida ya nafasi. Orodha ya waliofukuzwa hutunzwa ndani ya ubao mama, na kwa kawaida ina kilobaiti 32 tu. BootHole peke yake ilihitaji vyeti vitatu na alama za faili zipatazo 150, kiasi cha kilobaiti 10, karibu theluthi ya nafasi yote. Udhaifu wa namna hiyo ukitokea mara tatu, ukumbi umejaa. Ndipo wahandisi wakabuni SBAT: badala ya kutaja kila faili, kila bawabu hubeba namba ya kizazi chake, na ubao mama hukumbuka kizazi cha chini kinachoruhusiwa. Ni mpango wenye akili, na wa haki. Kosa la Agosti 2024 halikuwa katika wazo hilo. Lilikuwa katika kupandisha kizazi kwenye mashine ambazo bawabu wake wa Linux alikuwa hajasasishwa, ili kuziba udhaifu uliojulikana tangu 2022.

Tiba iliyosambaa ilikuwa fupi: ingia kwenye mipangilio ya ubao mama, zima Secure Boot, washa Linux, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, washa upya tena mara moja ili amri itekelezwe, sasisha Linux, kisha rudisha Secure Boot. Microsoft iliondoa mpangilio huo katika masasisho ya Septemba 2024, na Mei 2025 ikatangaza kuwa tatizo limetatuliwa.

Tiba hiyo ilikuwa na mtego wake. Mashine zenye BitLocker hufunga diski kwa kutegemea hali ya kinga za kuwashia. Secure Boot ikizimwa, Windows hushtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Aliyekwenda kuiokoa Linux akajikuta amefungiwa nje ya Windows. Tena wengi hawajui kama wanayo BitLocker, kwa kuwa Windows 11 toleo la 24H2 huwasha ufungaji wa diski wenyewe kwenye mashine nyingi inaposakinishwa upya. Hapa ndipo mahali pekee katika makala haya ambapo data inaweza kupotea kweli bila mtu kufomati: ufunguo usipopatikana, si fundi wala Microsoft atakayeifungua diski. Kwa kawaida ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Autafute akiwa bado anaweza kuingia.

Windows ina mazoea mengine mawili yanayosumbua jirani yake, madogo lakini ya kila siku. La kwanza ni kuzima nusu. Kwa chaguo la Fast Startup, Windows ikizimwa huwa imelala tu, na patisheni yake hubaki kana kwamba inatumika. Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika ndani yake, na kama patisheni hiyo imeorodheshwa kwenye faili ya /etc/fstab bila neno nofail, kuwaka kwa Linux kunaweza kuishia kwenye hali ya dharura. Amri ya powercfg /h off, ndani ya Windows, humaliza ubishi.

Zoea la pili ni la saa. Windows huandika kwenye saa ya ubao mama saa za mahali mtu alipo, Linux huandika saa za kimataifa za UTC. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo mtu akitoka Linux na kuingia Windows huona saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Betri ya ubao mama husingiziwa, hubadilishwa, na saa hupotea tena. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux ni bure.

Idadi ya mashine za namna hii haipungui. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ambazo Windows 11 huzikataa kwa uzee bado zina nguvu ya kuendesha Linux, mara nyingi kando ya Windows ileile ya zamani. Na imani ya ubao mama inakutana na mtihani mwingine: vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, kikiwemo kilichotumika kusaini shim, vimewekewa ukomo unaoanzia Juni 2026, na vya 2023 vinachukua nafasi yake. Bawabu aliyesainiwa zamani hafukuzwi siku hiyo, kwani kwa kawaida ubao mama hauangalii tarehe. Lakini matoleo mapya ya shim yanahitaji cheti kipya kiwe tayari ndani ya mashine. Mwenye mifumo miwili aruhusu masasisho ya Windows yamalizike, upande wa Linux aendeshe fwupdmgr refresh na fwupdmgr update, na awe na fleshi ya toleo jipya la Linux karibu. Ufunguo wa BitLocker auandike karatasini kabla ya yote hayo, kwa sababu kubadilisha vyeti nako kunaweza kuifanya Windows iuulize.